Mgaagaa na Upwa: Nilivyojifunza Kutembea Baada ya Kukosa Kazi

Kwa wiki tatu nilitoka nyumbani kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, nimevaa shati la kazi, nimebeba mkoba, na sina pa kwenda.

Kampuni ya kutoa mizigo bandarini niliyoitumikia kwa miaka 11 ilikuwa imepunguza wafanyakazi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopewa barua Ijumaa moja baada ya alasiri. Sikumwambia mke wangu. Sikumwambia mama. Kila asubuhi nilipita barazani mtaani kwetu Kibokoni, nikawaamkua wazee wanaokunywa kahawa, nikashika njia hadi Mama Ngina. Huko nilikaa chini ya mbuyu nikitazama feri za Likoni zikienda na kurudi. Saa kumi na moja jioni nilirudi nyumbani "kutoka kazini".

Ndugu msomaji, naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Pwani yetu ina watu wengi wanaoishi kwa msimu. Hoteli zikipoa baada ya Pasaka, wapishi na wahudumu hurudishwa nyumbani. Kazi bandarini ikipungua, makarani na vibarua hukaa. Tunazungumza sana juu ya mshahara unaopotea, na ni haki yetu kuuzungumzia. Lakini kuna kitu kingine kinachopotea ambacho hatukitaji: siku yenyewe. Mtu anapewa saa kumi na mbili za mchana na hajui azifanye nini. Mimi zilinishinda, na katika makala hii nataka kueleza nilivyozipata tena kwa miguu yangu.

Ami yangu na ile benchi

Aliyenifumania alikuwa ami yangu, mdogo wake baba, nahodha mstaafu wa mashua za kuvulia. Alipita Mama Ngina siku ya Jumanne akaniona. Jumatano akaniona tena, palepale. Alhamisi akaja akakaa kando yangu.

"Asalaam aleikum, mwanangu. Ofisi yenu imehamia hapa?"

Nilijaribu kucheka. Kisha nikamweleza yote. Hakunipa pole nyingi. Aliuliza swali moja tu: "Tangu asubuhi umefanya nini?" Nikamwambia nimekaa. Akasema, "Bahari inakwenda, upepo unakwenda, hata ile feri mbovu inakwenda. Wewe peke yako ndiye uliyetia nanga. Inuka."

Tulitembea kutoka pale hadi Ngome ya Yesu, tukashuka chini ukutani, tukazunguka hadi bandari ya majahazi. Mwendo wa saa moja na nusu hivi, kwa sababu ami hawezi kumpita mtu bila kumjulia hali. Niliporudi nyumbani siku ile nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu siku ya barua.

Usiku wa pili yake nilimweleza mke wangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Ofisini kwenu kuna mchanga tangu lini?" Kumbe kila jioni alikuwa akikung'uta viatu vyangu. Alijua karibu tangu mwanzo, na alikuwa akingoja niseme mwenyewe.

Methali mbili zinazogombana

Wazee wetu walituachia methali mbili juu ya jambo hili, na haziafikiani. Ya kwanza inasema mtembezi hula miguu yake. Maana yake ni kwamba anayezurura bila shughuli hujichosha bure, mwisho hana alichopata. Ya pili inasema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Upwa ni ile sehemu ya pwani inayobaki wazi maji yanapotoka. Anayeuzungukia hakosi kuokota kitoweo: pweza, chaza, kaa au samaki aliyesahauliwa na maji kwenye kidimbwi.

Mtu asiye na kazi anaishi kati ya methali hizi mbili. Majirani wakimwona barabarani saa nne asubuhi wanaikumbuka ile ya kwanza, naye mwenyewe anaikumbuka kuliko wao. Ndiyo sababu wengi wetu hujifungia ndani. Nilijifunza kwamba tofauti ya methali hizi si miguu, kwa kuwa wote wawili wanatembea. Tofauti ni macho. Mmoja anapita tu, mwingine anatafuta.

Kijiji kilichopunguza mwendo

Miaka mingi kabla yangu, watu walilichunguza jambo hili kwa makini. Katika kijiji cha Marienthal nchini Austria, karibu kila familia ilitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda hicho kilifungwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi uliotikisa dunia kuanzia 1929. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel waliwachunguza watu wale, na mwaka 1933 wakachapisha kitabu juu ya waliyoyaona.

Mtu angedhani kwamba watu waliopata muda mwingi namna ile wangesoma zaidi, wangetembea zaidi, wangefanya yote waliyokuwa wakiyaahirisha. Ilikuwa kinyume. Vitabu vilivyoazimwa maktabani vilipungua. Watafiti walisimama pembeni na saa mkononi wakipima mwendo wa wapita njia katika barabara kuu ya kijiji. Wanaume wasio na kazi walikuwa wakitembea polepole na kusimama mara kwa mara, kwa sababu hapakuwa na mahali walipotakiwa kufika. Walipoulizwa asubuhi yao ilikwendaje, wengi hawakuweza hata kukumbuka.

Wanawake wa kijiji kilekile walitembea haraka zaidi. Nao walikuwa wamepoteza kazi kiwandani, lakini kulikuwa na chakula cha kupika, nguo za kufua, watoto wa kuangalia. Hawakuwa na saa tupu.

Niliposoma hayo nilimfikiria mke wangu. Yeye huamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa mahamri anayouza mlangoni, na jioni hukaanga viazi karai. Nilipokuwa nikikaa kwenye benchi nikijihurumia kwa wingi wa muda, yeye hakuwa na nusu saa ya kukaa. Basi nikajiwekea sharti: kabla ya matembezi yangu, nawapeleka watoto shule kwa miguu na kurudi na maji na mkaa. Na Jumamosi asubuhi, duka la mahamri nalisimamia mimi, yeye anakwenda kutembea na dada yake. Muda wa bure wa mwanamume usiwe mzigo wa mkewe.

Jahoda baadaye alieleza kwamba mbali na mshahara, kazi humpa mtu mambo matano: mpangilio wa siku, kukutana na watu nje ya familia yake, lengo analoshirikiana na wenzake, hadhi, na shughuli ya kufanya. Nikijipima kwa orodha hiyo, nasema kweli: matembezi hayarudishi mshahara na hayarudishi hadhi. Lakini mpangilio wa siku, watu na shughuli, hayo matatu yanaweza kupatikana njiani, na hayatozwi ada.

Kwanza, yajue maji

Kwetu sisi watu wa pwani, saa ya kupangia matembezi tunayo tayari. Ni bahari. Ami alinifundisha kuisoma upya, maana nilikuwa nimezaliwa kando yake na bado sijui inafanya nini saa ngapi.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Yakipwa leo saa mbili asubuhi, kesho yatapwa karibu saa tatu kasoro dakika kumi. Ukijua la leo, umejua la wiki nzima.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa mstari mmoja, na siku hizo na zinazofuatia tunapata bamvua. Maji hujaa sana na kutoka sana, na hapa Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Anayefuata tarehe za Kiislamu hahitaji jedwali: bamvua huwa karibu na mwanzo wa mwezi na karibu na tarehe 15. Katika siku hizo maji ya asubuhi hupwa mnamo saa nne, na huo ndio wakati wa kutembea upwani hadi mbali. Katikati ya bamvua moja na nyingine kuna maji mafu, ambapo bahari haitoki sana wala haijai sana. Siku hizo mimi hutembea nchi kavu.

Mpangilio huu ndio uliokuwa dawa yangu ya kwanza. Nilikuwa na jambo la kuwahi tena. Maji hayamngoji mtu, na ukichelewa unakuta njia imefunikwa.

Kusoma mikoko

Matembezi yangu ya pili kwa kupendwa ni kando ya hori ya Tudor, upande wa Mikindani. Watu wengi hupita juu ya barabara wakaona kijani tu na kusikia harufu ya tope. Mimi pia nilikuwa hivyo hadi ami aliponiuliza jina la mti uliokuwa mbele yangu, nikasema "mkoko", naye akacheka. Ulikuwa mchu.

Pwani ya Kenya ina aina 9 za miti ya mikoko, na wazee wetu waliipa majina. Unaosimama mbele kabisa, unaopokea mawimbi, ni mlilana. Nyuma yake ndipo utakuta mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya kaa. Mizizi ile huushika mti usizame kwenye tope na kuupatia hewa. Mbegu yake huota ikiwa bado mtini, ndefu kama kijiti cha kijani, kisha hudondoka. Ikikuta tope hujichoma na kuanza maisha palepale. Ikikuta maji huelea hadi ufuo mwingine.

Mchu una ujanja tofauti. Hutoa vijizizi vinavyosimama wima juu ya tope kama penseli, ili upate kupumua mahali pasipo na hewa. Chumvi inayoingia mwilini mwake huitoa kupitia majani. Lamba jani la mchu asubuhi ya jua kali, utaonja chumvi. Watoto wangu sasa hulamba kila jani wanalokutana nalo, na nimebidi kuwafundisha kwamba si kila mti ni mchu.

Wapo pia mkandaa, muia na mkomafi. Nyumba zetu za Mji wa Kale na za Lamu zimebebwa na boriti za miti hii, na kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti hizo hadi Uarabuni, ambako miti ya kujengea ni haba. Mafundi waligawa nguzo kwa unene, kila moja na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Siku nilipojua hayo, nilirudi nyumbani nikatazama dari ya chumba ambamo nimelala miaka yote, nikaona mikoko.

Na mikoko inaweza kuleta riziki bila kukatwa. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013. Wanalinda na kupanda mikoko, na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo na tope lake. Fedha hutumika kwa mambo ya kijiji kama maji na shule. Ukifika, kuna njia ya mbao ya akina mama wa Gazi inayopita katikati ya mikoko, kama ile iliyoko hori ya Mida, Watamu. Mida hasa nenda kati ya Oktoba na Machi, wakati ndege wa kutoka Ulaya na Asia wamekuja kukimbia baridi. Utawaona sululu na midomo yao mirefu iliyopinda wakichokoa kaa topeni.

Shimo lililogeuka msitu

Siku moja yenye huzuni kubwa, baada ya usaili wa kazi ulioniendea vibaya, nilipanda matatu hadi Bamburi nikaingia Haller Park. Nilikuwa nimewahi kwenda na watoto kuona viboko. Safari hii nilikwenda kutazama miti.

Pale palikuwa machimbo ya mawe ya saruji. Udongo wote uliondolewa, likabaki jangwa la mawe meupe na maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 mtaalamu René Haller alianza kujaribu kuotesha miti humo. Alijaribu aina 26, na nyingi zilikufa. Mvinje ulikuwa miongoni mwa michache iliyostahimili. Lakini majani yake membamba yalianguka yakarundikana bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Kilicholeta ufumbuzi ni jongoo. Waliletwa majongoo, wakayala majani yale, kinyesi chao kikawa chakula cha vijidudu, na taratibu udongo ukaanza kufanyika. Miti mingine ikafuata, kisha ndege, kisha wanyama.

Nilikaa chini ya mvinje nikamwangalia jongoo mmoja akipita na miguu yake myekundu. Sitasema kwamba niliondoka na furaha. Niliondoka na subira kidogo, na siku ile ilitosha.

Mwili nao una haki

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka ni mazoezi ya namna hiyo. Hizo ni nusu saa kwa siku tano. Kutembea husaidia kushusha presha na kurekebisha sukari, magonjwa mawili ambayo ni nadra kukuta nyumba ya pwani isiyoyajua.

Utafiti uliochapishwa 2019 uliwaangalia watu karibu 20,000 nchini Uingereza. Waliokaa kwenye miti, mbugani au ufuoni kwa angalau dakika 120 kwa wiki walielekea zaidi kusema kwamba wana afya njema na wameridhika na maisha, hata kama dakika hizo waliziokota kidogo kidogo. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba miti ndiyo iliyowaponya, kwani huenda wenye afya ndio wanaotoka zaidi. Kwangu mimi nilipima kwa usingizi na kwa ulimi: nilianza kulala, na nikaacha kuwafokea watoto.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, toka mapema. Baada ya sala ya alfajiri hadi saa nne ni wakati mzuri, hasa miezi ya kaskazi ambapo jua la saa sita halina huruma. Beba maji na kofia.

Pili, usiende peke yako mahali usipopajua. Kuna vichochoro na fukwe ambako watu huporwa. Waulize wenyeji, wasalimie, wajue wewe ni nani. Mwanamke atembee na mwenzake. Kijana abebe kitambulisho. Kitambulisho pia hukupa bei ya mwananchi katika hifadhi zinazotoza kiingilio.

Tatu, upwani vaa viatu vigumu kwa ajili ya miba ya baharini, na geuka kurudi kabla maji hayajageuka. Wengi wamekwama juu ya mwamba kwa kutazama mbele tu.

Nne, usiing'oe wala kuibeba bahari kwenda nayo nyumbani. Makombe hai yaache.

Tano, usijidanganye. Matembezi yasiwe njia mpya ya kukimbia, kama benchi ilivyokuwa kwangu. Mimi hutembea asubuhi, na saa nne na nusu nakaa kuandika maombi ya kazi au kupiga simu. Ikiwa huzuni haitoki hata ukitembea, ikiwa huli wala hulali, mwambie mtu wa nyumbani kwako na uende hospitali. Hiyo si aibu, na si udhaifu wa imani.

Hadi leo sijapata kazi ya kudumu. Napata vibarua vya kuandika hati za mizigo, siku mbili au tatu kwa wiki, na kimoja kati ya hivyo nilikipata kwa mtu niliyekutana naye njiani, karibu na bandari ya majahazi, akinijua kama "yule anayepita na mzee". Ami anasema hicho ndicho kitoweo cha upwani. Mimi sitaki kuahidi hivyo kwa kila mtu, maana wapo wanaotembea na wanarudi mikono mitupu.

Ila nawaomba wale waliokaa kwenye benchi zao, wakiwa na mashati ya kazi na mikoba mitupu, wafanye mambo mawili. Waseme ukweli nyumbani, kwa sababu huenda viatu vimeshasema. Kisha wainuke. Kesho maji yanapwa saa tatu na robo, na mimi na ami tutakuwa chini ya ngome kabla ya hapo.